Sauti ya redio katika njia za intaneti: inavyosafiri na inavyolindwa

Msikilizaji anayefungua redio jioni ili kupata taarifa ya habari kwa Kiswahili hupokea sauti kwa mawimbi ya FM, kama ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Kilichobadilika ni safari ya sauti hiyo kabla haijafika kwenye mnara. Tangu mwanzoni mwa karne hii, mashirika ya utangazaji yamekuwa yakiachana na laini maalumu za simu na kupitisha sauti zao katika mitandao ileile inayobeba barua pepe, picha na miamala ya fedha.

Utaratibu huo huitwa usafirishaji wa sauti kwa itifaki ya intaneti. Itifaki ni kanuni zinazofuatwa na mitambo inapopelekeana data. Utaratibu huu umepunguza gharama na kumwezesha mwandishi wa habari aliye Goma, Kigoma au Bujumbura kusikika kana kwamba ameketi studioni. Umeleta pia udhaifu mpya, kwa kuwa kituo kinachotegemea njia moja tu ya mtandao hunyamaza pindi njia hiyo inapokatika. Makala haya yanaeleza mitambo inayotumika, viwango vinavyoiongoza, na sababu zinazofanya njia ya pili kuwa hitaji la lazima kwa redio.

Njia zilizotangulia

Laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti yenye mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Kiwango hicho kinatosha kwa mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana, lakini hukata sehemu ya juu ya sauti, ambayo ndiyo hutofautisha konsonanti kama s, f, sh na th. Katika Kiswahili hasara yake huonekana mapema: “amesikia” hukaribia “amefikia”, na “suta” hukaribia “futa”. Muktadha wa sentensi humsaidia msikilizaji kukisia neno, ila jina la mtu au la kijiji asichokijua halina muktadha wa kulitegemeza.

Barani Ulaya, tatizo hilo lilipunguzwa katika miaka ya 1990 kwa laini za kidijitali za ISDN, ambazo ziliunganisha njia mbili za kilobiti 64 na kutoa jumla ya kilobiti 128 kwa sekunde. Kwa miaka mingi laini hizo ndizo zilizobeba mahojiano, mechi za mpira na ibada kutoka nje ya studio. Sasa kampuni za simu zinaziondoa. Kampuni ya BT ya Uingereza iliacha kuuza laini hizo Septemba 2023, na imepanga kuzizima ifikapo mwisho wa Januari 2027.

Katika sehemu nyingi za Afrika ambako nyaya za namna hiyo hazikuenea, setilaiti ndiyo iliyobaki kuwa kiungo cha mbali. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti inayopanda na kushuka hutumia kama robo ya sekunde. Ni njia inayofika kokote, lakini kodi yake ni kubwa, na mvua nzito huweza kuidhoofisha. Kwa masafa mafupi kati ya studio na mnara, vituo vilitumia, na vingi vingali vinatumia, mawimbi ya mikrowevu yanayohitaji sahani mbili zinazoonana pasipo kilima wala jengo katikati.

Sauti inavyosafiri

Kinasa sauti hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme. Kifaa cha kidijitali huupima umeme huo mara 48,000 kila sekunde, na katika studio za leo kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 24 za sifuri na moja, ambazo huitwa biti. Sauti ya stereo isiyobanwa kwa namna hiyo huhitaji takriban megabiti 2.3 kwa sekunde.

Mtiririko huo wa tarakimu hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda, namba yake ya mfuatano na alama ya wakati wake. Mpangilio unaotumika zaidi katika redio ni itifaki ya RTP, ambayo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Pakiti hupita katika ruta nyingi njiani, na si lazima zote zifuate njia moja. Nyingine huchelewa, nyingine hufika kabla ya zilizotangulia, na nyingine hupotea.

Barua pepe ikikosa kipande, kompyuta inayopokea huomba kipande hicho kitumwe tena. Matangazo ya moja kwa moja hayana nafasi kubwa ya kungoja. Kwa hiyo mtambo unaopokea huhifadhi akiba ndogo ya sauti kabla ya kuitoa. Akiba hiyo hufanya kazi kama tangi la maji juu ya paa: maji ya bomba la mtaani huja kwa kusitasita, lakini ndani ya nyumba hutiririka sawasawa maadamu tangi halijakauka. Tangi likiwa dogo, sauti hukatika mara kwa mara. Likiwa kubwa, sauti hutulia lakini huchelewa.

Ucheleweshaji huo hausababishwi sana na umbali. Mwanga ndani ya mkongo wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,000 huchukua milisekunde 5 tu. Muda mwingi hupotea katika kubana na kubanua sauti, katika foleni za ruta na katika ile akiba. Kwa muziki unaokwenda upande mmoja, kuchelewa kwa sekunde moja hakumuudhi mtu. Kwa mahojiano, nusu sekunde inatosha kuwafanya mtangazaji na mgeni wake waanze kusema kwa pamoja, kisha wanyamaze kwa pamoja.

Kodeki na kazi ya kubana sauti

Kwa kuwa si kila mahali panapatikana megabiti 2.3 za uhakika, sauti hubanwa kabla ya kutumwa. Kifaa au programu inayobana upande mmoja na kubanua upande wa pili huitwa kodeki. Kodeki ya G.711, iliyowekwa kuwa kiwango cha simu mwaka 1972, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde na kutoa sauti ya simu. Ile ya G.722 ya mwaka 1988 hutumia kilobiti hizohizo 64 lakini hupitisha mitetemo hadi 7,000 kwa sekunde, jambo linalorudisha tofauti kati ya s na f. Baadaye zilikuja kodeki za familia ya MPEG, na mwaka 2012 ikachapishwa Opus, ambayo hufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde na haitozwi ada ya leseni. Kwa vituo vidogo, Opus imekuwa nafuu kubwa, maana hubeba usemi kwa ubora wa kuridhisha hata kwenye mtandao wa simu za mkononi.

Mwanzoni, kodeki za kampuni moja hazikuelewana na za kampuni nyingine. Shirika lililonunua mtambo wa kutuma lililazimika kununua wa kupokea kutoka duka lilelile. Katika muongo wa 2000, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, uliwakutanisha watengenezaji na watangazaji, kisha ukachapisha masharti ya maelewano katika waraka uitwao Tech 3326. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba sauti ibebwe kwa RTP, upigaji na upokeaji wa simu uongozwe na itifaki ya SIP, na kila mtambo uzifahamu kodeki chache za msingi, zikiwemo G.711, G.722 na MPEG Tabaka la II. Kwa sababu hiyo, redio mbili za nchi jirani zinaweza leo kupeana mahojiano ingawa hazikununua mitambo kwa mfanyabiashara mmoja.

Kubana kuna gharama yake. Sauti iliyobanwa na mwandishi, ikabanuliwa studioni, ikabanwa tena kwenda mnarani, kisha ikabanwa mara nyingine kwa ajili ya wasikilizaji wa simu, hufifia kama nakala iliyotolewa kutoka kwenye nakala. Mafundi hushauri sauti ibanwe mara chache kadiri inavyowezekana, na kwamba penye mkongo mpana, hasa kati ya studio na mnara, ipite bila kubanwa.

Ndani ya studio

Mabadiliko makubwa zaidi yamefanyika mahali ambapo msikilizaji hapaoni. Zamani kila kinasa sauti, kila kicheza kanda na kila meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na waya wake, na ukuta wa chumba cha mitambo ulijaa mafungu ya nyaya. Mwaka 2003 kampuni ya Axia ya Marekani ilianzisha mfumo wa Livewire uliopitisha sauti za studio katika nyaya za kawaida za mtandao wa kompyuta. Baadaye ikaja mifumo ya Dante, ya kampuni ya Audinate ya Australia, na Ravenna, ya kampuni ya ALC NetworX ya Ujerumani. Yote ilifanya kazi vizuri, lakini kila mmoja ulikuwa na kanuni zake.

Septemba 2013 Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti, AES, ilichapisha kiwango cha AES67 kinachoiwezesha mifumo hiyo kubadilishana sauti. Kwa kiwango hicho, sauti haibanwi, na kwa kawaida kila pakiti hubeba milisekunde moja, yaani vipimo 48. Mkondo mmoja hutoa pakiti 1,000 kila sekunde. Ili vipimo hivyo visigongane, mitambo yote ya jengo hufuata saa moja, kwa itifaki ya wakati iitwayo PTP. Katika vituo vingi saa hiyo kuu hupata wakati wake kutoka kwenye setilaiti za GPS. Saa hizo zikitofautiana, hata kwa kiasi kisichohisiwa na binadamu, sauti huanza kutoa milio midogo ya kukwaruza.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba waya mmoja hubeba kazi ya makumi ya nyaya, na studio ya Kiswahili inaweza kupewa sauti ya studio ya Kifaransa au ya Kinyarwanda kwa kubofya kitufe. Hatari yake ni kwamba swichi moja ya mtandao ikiungua, studio zote zinazoitegemea hunyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo mtandao wa sauti hutengwa na ule wa ofisi, ili kazi ya kupakua mafaili makubwa isiibanie nafasi taarifa ya habari, na swichi muhimu huwekwa mbilimbili.

Kutoka studio hadi mnarani, na kutoka kijijini hadi studioni

Kiungo kati ya studio na mnara ndicho mshipa mkuu wa redio. Studioni huwekwa kodeki ya kutuma, na chini ya mnara kodeki ya kupokea. Kati yake hupita mkongo, mikrowevu ya kidijitali au mtandao wa simu. Kodeki nyingi za kupokea zina uwezo wa kutambua ukimya: mkondo ukikatika kwa sekunde kadhaa zilizowekwa na fundi, kifaa huhamia kwenye njia nyingine au hucheza rekodi iliyohifadhiwa ndani yake hadi mkondo urudi.

Mwandishi aliye nje hutumia kodeki ndogo ya kubeba, ama programu iliyowekwa kwenye simu yake. Vifaa bora zaidi hupokea laini kadhaa za simu kwa wakati mmoja na kugawa pakiti kati ya mitandao tofauti, hivyo mnara wa kampuni moja ukielemewa, wa nyingine huendelea. Studio humrudishia mwandishi sauti ya kipindi ikiwa imeondolewa sauti yake mwenyewe. Tahadhari hiyo ikisahauliwa, husikia maneno yake yakimrudia kwa kuchelewa, na ni watu wachache wanaoweza kuendelea kusema kwa ufasaha katika hali hiyo.

Njia inapokatika

Nchi za Rwanda, Burundi na Uganda hazina bahari. Sehemu kubwa ya data inayotoka au kuingia katika nchi hizo hupitia mikongo ya baharini inayofika Mombasa na Dar es Salaam. Mei 12, 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Athari ya tukio la namna hiyo kwa redio hutegemea ramani ya njia yake. Kituo ambacho sauti yake inatoka studioni hadi mnarani kwa mkongo wa ndani ya nchi hakiguswi na hitilafu ya baharini. Kituo ambacho sauti yake hupelekwa kwanza kwenye seva iliyoko Ulaya, kisha ikarudi kwenye mnara ulio kilomita 20 kutoka studio, kinaweza kunyamaza. Vituo vya kubadilishana data vya KIXP mjini Nairobi, UIXP mjini Kampala, RINEX mjini Kigali na TIX mjini Dar es Salaam huwezesha data za ndani zibaki ndani. Swali la kwanza analopaswa kuuliza mkuu wa mitambo anaponunua huduma ni mahali ambapo pakiti zake zinapita.

Kukatika si lazima kutokane na ajali. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, intaneti ilizimwa kuanzia Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, na kurejea takriban wiki tatu baadaye. Nchini Uganda ilizimwa Januari 13, 2021, mkesha wa siku ya kupiga kura, na kurejeshwa siku tano baadaye. Katika vipindi kama hivyo watu hurudi kwenye redio kutafuta habari, na redio iliyojifunga kwenye intaneti ya umma huenda ikakosekana wakati ambapo inahitajika kuliko siku zote.

Umeme nao ni sehemu ya njia. Mtambo wa kurushia matangazo unaweza kuwa na jenereta, lakini ruta iliyoko kwenye jengo la kampuni ya mtandao, katikati ya njia, ikawa na betri ya saa mbili tu.

Kuna pia wavamizi. Aprili 2016, vituo kadhaa vya redio nchini Marekani vilijikuta vikirusha kipindi chenye lugha chafu ambacho havikukiandaa. Kodeki zao za mnarani ziliachwa wazi kwenye intaneti, nyingine bila nywila imara, na wageni wakaziingia na kuweka mkondo wao. Mtambo unaoweza kufikiwa na fundi kutoka nyumbani unaweza kufikiwa na mtu mwingine yeyote, isipokuwa pale ulipofungwa kwa nywila ngumu na kuwekwa nyuma ya ukuta wa ulinzi wa mtandao.

Njia ya pili

Jibu la matatizo hayo linafahamika. Mkondo uleule wa sauti hutumwa kwa njia mbili kwa pamoja, na mtambo unaopokea huchukua pakiti iliyofika kwanza. Njia moja ikikatika, msikilizaji hasikii tofauti yoyote. Lakini njia hizo ni lazima ziwe mbili kwa kweli. Kampuni mbili za mtandao huweza kukodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, katika mtaro mmoja kando ya barabara, na greda la ukarabati likazikata zote mbili kwa dakika moja. Ndiyo maana vituo vyenye uzoefu huchanganya aina za njia: mkongo na mikrowevu, au mkongo na setilaiti. Njia ya akiba hujaribiwa mara kwa mara, kwa sababu ile isiyojaribiwa hugundulika kuwa mbovu siku ya dharura.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wasikilizaji wa Kiswahili katika nchi ambazo lugha hiyo si ya wengi. Katika redio yenye lugha kadhaa, Kiswahili huweza kutengewa robo saa au nusu saa kwa wakati maalumu. Mtandao ukikatika kwa dakika kumi na tano, msikilizaji wa lugha kuu hukosa sehemu ya siku yake ya matangazo. Msikilizaji wa Kiswahili huweza kukosa taarifa yote, pamoja na tangazo la chanjo, la mafuriko au la kufungwa kwa mpaka lililokuwa ndani yake.

Msikilizaji mwenyewe anaweza kutambua kwa sikio mahali palipoharibika. Mvumo wa chururu katika masafa ya kituo huonyesha kuwa mtambo wa mnarani umezimika, au redio iko mbali mno. Masafa yakiwa kimya kabisa, bila mvumo, mnara unafanya kazi lakini sauti haiufikii, hivyo hitilafu iko katika kiungo cha studio. Maneno yanayokatikakatika au kulia kama bati huonyesha pakiti zinazopotea. Sauti ya mtangazaji ikiwa safi na ya mwandishi peke yake ikakatika, tatizo liko upande wa mwandishi. Taarifa ya namna hiyo, ikipelekwa kituoni pamoja na saa na mahali, humpunguzia fundi kazi ya kutafuta, na hurudisha matangazo hewani mapema zaidi.